Sista na Chumba cha Wanawake

Sista hakuruhusu mtu aseme "imefutika" mbele yake. Ukiingia katika kile chumba chake nyuma ya darasa la ushonaji, umebeba kompyuta ndani ya kiroba, ukamwambia, "Sista, vitu vyangu vyote vimefutika," alikukata hapohapo.

"Nani kakwambia? Umeingia humo ukaona?"

Ukinyamaza, anamalizia: "Basi sema hujui viko wapi. Hilo ndilo unalolijua."

Kauli hiyo nimeipokea mimi kuliko mtu yeyote hapa Bagamoyo, kwa kuwa hakuna aliyempelekea diski mbovu nyingi kama mimi. Nilikuwa mpiga video za arusi. Kidato cha nne nilimaliza, ualimu sikuupata, kamera nikaipata. Yeye alikuwa mtawa aliyefundisha wasichana kompyuta katika nyumba ya masista nje kidogo ya mji. Mimi Mwislamu wa hapahapa, yeye Mkristo wa bara, na kilichotukutanisha ni vyuma vinavyokufa kwa chumvi ya hewa.

Jina lake la utawa watu wanalijua. Mimi sitaliandika, maana hakupenda kutajwa. Nilisikia kwamba siku moja alisifiwa kanisani, akatoka nje kwenda kutazama kuku.

Alivaa aproni ya jikoni juu ya vazi lake la kitawa, na mfuko wa mbele ulijaa bisibisi na skrubu, hata ulimsikia kabla hujamwona. Aliweza kuisubiri diski siku mbili bila kunung'unika, lakini chai hakuisubiri ipoe. Aliunguza ulimi kila asubuhi na kila asubuhi alishangaa. Alipenda pweza kuliko alivyopenda kukiri. Nikimletea wa kuchoma kutoka soko la samaki, kafungwa kwenye gazeti, alisema, "Ya nini tena haya, Mzee wa Picha? Wapelekee wajukuu," huku mkono umekwisha kulifungua gazeti.

Umbeya aliuchukia, au ndivyo alivyosema. "Msiniletee habari za watu humu." Lakini mke wangu akikaa kwenye stuli, akaanza tu kwamba jana mama wa bwana arusi kakataa kula pilau, Sista aliweka bisibisi mezani.

"Kakataa? Kwa nini kakataa?"

Nilimwamkia shikamoo kila nilipomkuta, naye kila mara aliipokea kwa ubishi.

"Marahaba. Lakini nani kakwambia mimi ni mkubwa kwako?"

"Nywele zako sizioni, Sista. Nakisia tu."

"Basi usikisie. Kukisia ndiko kunakokuharibia diski."

Kengele ya sala ikilia alinyanyuka, hata kama mtu yuko katikati ya kulia. Nimemwona akimwacha mwalimu mmoja na kompyuta iliyofumuliwa vipandevipande, na mwalimu yule ana mitihani ya darasa zima humo. Aliporudi hakuomba radhi. Alinawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole, akaendelea pale alipoishia.

Namna yake ya kufanya kazi ilikuwa moja, wala hakuibadilisha kwa ajili ya machozi ya mtu. Diski yako aliichomeka kwenye kompyuta yake ya Linux, ambayo haikuwa na picha wala urembo, ni maandishi meupe juu ya weusi. Kisha aliiagiza ile kompyuta inakili diski yote, tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu. Hizo tupu ndizo alizozitaka zaidi. Nakala ikishapatikana, diski yenyewe aliifunga katika kitambaa na kuitia kwenye saraka ya meza. Hakuigusa tena. Alishughulika na nakala, na hata hiyo nakala aliifungua kwa kusoma tu, ili asije akaandika kitu juu yake kwa bahati mbaya.

"Usiandike juu ya usichokisoma," alituambia wote, wasichana wake na sisi wateja. Nilikuwa naitikia kwa kichwa.

Hapa sina budi nieleze arusi zetu za pwani, kwa asiyezijua. Arusi yetu ni nyumba mbili ndani ya nyumba moja. Mbele wako wanaume, shehe na mashahidi, na bwana arusi anayejibu kwamba amekubali kuoa. Nyuma wako wanawake na bi arusi. Huko mabuibui yamevuliwa, vichwa viko wazi, kanga zimefungwa viunoni, na mama wa watu anayepita njiani kwa heshima zake anacheza mpaka jasho linamtoka. Mwanamume hakanyagi. Kwa hiyo mimi nilipiga mbele na mke wangu akapiga nyuma, na kazi yetu ilipendwa kwa sababu hiyo hasa. Watu walijua picha za wake zao hazipiti mikononi mwangu.

Hata ndani ya kompyuta tuliishi hivyo. Sista ndiye aliyetugawia diski mafungu mawili, kila fungu na mlango wake. La kwanza la wanaume, la pili la wanawake, na neno la kulifungulia la pili alilijua mke wangu peke yake. Sista aliyaita vyumba. "Chumba cha mbele chako, cha nyuma cha mama," alisema, naye mke wangu akacheka kwamba hatimaye amejengewa nyumba.

Mke wangu alipofariki, nilianza kukiogopa kile chumba. Nilijiona mzee, nikaona siku yangu inakuja, na kompyuta itaangukia kwa wajukuu wenye vidole vyepesi. Wanawake wa wilaya nzima wamo humo, vichwa wazi, wengine wamekwisha kufa. Maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake. Mimi nitaiacha amana hii kwa nani? Nikaibeba kompyuta kwa fundi mmoja karibu na stendi, nikamwambia, "Ondoa vyote, weka Windows mpya." Akavunja ukuta wa vyumba viwili, akafanya ukumbi mmoja. Wajukuu wakajaza michezo na filamu. Nilijiona nimetimiza wajibu.

Sista sikumuuliza. Sikumuuliza kwa sababu nilijua atakalonijibu.

Kisha akaja Mwajuma.

Alikuja kutoka Lugoba, eda yake imekwisha juzi tu, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichosha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Baba, wewe na marehemu mama ndio mliopiga video ya arusi yangu. Naitaka. Sidii mliyotupa imekwaruzika, haisomi."

Nikamuuliza kwa nini leo. Akanieleza bila kupandisha sauti. Mumewe amefariki, watoto hawakupata, na ndugu wa mume wanamtaka atoke katika nyumba. Wanasema hakuwa mke, alikuwa akikaa naye tu. Shehe aliyewaozesha amekufa, walii wake na mashahidi wawili wamekufa, cheti hawakuchukua; zamani zile wengi wetu hatukuchukua. Mkwewe, mama wa marehemu, yu hai. Kaulizwa na wanawe, kasema hajui.

"Video tu, baba. Waone kwamba alinioa. Nisiitwe hawara katika nyumba niliyoipiga udongo kwa mikono yangu."

Nilimpeleka kwa Sista siku ileile, na diski imo kwenye kiroba. Sista alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nani kakwambia ufute?"

"Ilikuwa amana, Sista."

"Amana hurudishwa kwa mwenyewe, Mzee wa Picha. Haichomwi moto."

Hakusema zaidi. Alinawa mikono.

Ile diski ilikuwa inakwaruza kama panya kwenye bati, na kuinakili kulichukua siku kadhaa. Mwajuma alilala kwa masista. Nakala ilipopatikana, Sista alituonyesha orodha ya vyumba, nayo ilikuwa na chumba kimoja tu, kikubwa, cha yule fundi wa stendi. Lakini alikuwa akiniambia miaka yote kwamba kuondoa chumba ni kung'oa kibao cha mlangoni, na vyombo hubaki ndani mpaka mtu alete vyake. Kila chumba huanza na alama, na vingine huweka nakala ya alama hiyo mwishoni. Akazitafuta. Alipoipata ya chumba cha pili, alichukua penseli akapiga hesabu ya mahali kinapoanzia, ingawa kompyuta ingeipiga mara moja.

"Mbona huiachii mashine?" nikamuuliza.

"Nikiiachia hesabu nisiyoijua, itanidanganya nami niishukuru."

Chumba cha mbele, cha wanaume, ndicho kilichokuwa mwanzoni mwa diski, na mwanzoni ndipo Windows mpya ilipokaa, na michezo, na filamu za wajukuu. Sista alikokota humo vipande vya faili kimoja kimoja. Zikatoka kofia za watu, sinia la pilau, mkono wa shehe, kisha miraba ya kijani, kisha hakuna. Arusi ya Mwajuma haikuwamo. Bwana arusi akijibu shehe, mashahidi wakiitikia, yote nilikuwa nimeyafunika kwa mkono wangu na mchezo wa magari.

Chumba cha nyuma kilikuwa kizima.

Sista aliandika agizo, lakini kompyuta ikataka neno la siri. Mimi sikuwa nalo. Sista akanitazama, akaandika kitu, na mlango ukafunguka. Mke wangu alimwambia yeye. Sikuwahi kujua.

Aliugeuza uso wa kompyuta ukutani. "Toka nje, Mzee wa Picha."

"Sista, kompyuta ni yangu."

"Na chumba si chako."

Nilikaa kwenye benchi karibu na banda la kuku. Dirisha lilikuwa na pazia tu. Nikasikia vigelegele, nikasikia tari, na kwa karibu kabisa na kamera nikamsikia mke wangu akisema, "Bi arusi, inua uso, mwanangu, inua kidogo." Kuku walikuwa wakichakura miguuni pangu. Kisha Sista akapunguza sauti, lakini sikuondoka.

Mwajuma alipotoka alikuwa amecheka na amelia. Mkwewe yumo humo, akasema. Anacheza katikati, kamfunga Mwajuma kanga mwenyewe, anasema kwa sauti, "Huyu ndiye mke wa mwanangu." Wanamwimba mume kwa jina lake.

"Basi umepona," nikasema.

"Nimepona vipi? Niwaonyeshe wanaume mama yao nywele wazi? Na wenzake wote wale? Wengine ni wake za wazee watakaokaa kikao cha kuniamulia." Akatikisa kichwa. "Siwezi kuwavua watu nguo ili mimi nipate paa."

Sista alibishana naye. Alibishana kama mtu wa bara asiyeelewa, kisha akaacha, akasema, "Basi tukate sauti peke yake." Akaikata pale anaposema mkwe, akaitia kwenye simu ya Mwajuma.

Kikao kilikuwa Lugoba, sebuleni mwa shemeji mkubwa. Sista alipanda basi akaja, amevua aproni. Mzee mmoja alimpokea kwa adabu zote.

"Karibu sana, Sista. Chai iko tayari barazani. Ila haya ni mambo yetu ya ndoa."

"Mimi nimeiona kwa macho yangu arusi yenyewe."

"Tunakushukuru kwa kuja, Sista. Karibu chai."

Akakaa barazani. Ndani, sauti ikasikilizwa. Shemeji mdogo akacheka. "Wanawake wanaimba. Arusi gani hukosa wanawake wanaoimba? Na hilo jina, Lugoba nzima wangapi wanaitwa hivyo?"

Wakamuuliza bibi, mama yao, kama sauti ile ni yake. Alikuwa amejifunika gubigubi, anatazama mkeka. "Zamani nilikuwa na sauti nzuri," akasema. "Sasa sina. Sijui."

Ndipo wakanigeukia mimi.

"Mzee, wewe ulikuwepo?"

"Kama nilipiga, nilikuwepo."

"Sisi hatukuulizi kama. Ulimsikia ndugu yetu akijibu kwamba amekubali kumwoa huyu?"

Nilitafuta. Wallahi nilitafuta. Nimepiga arusi za maisha yangu yote, na katika zote nilikuwa natazama mwanga, betri, kichwa cha mtu anayeziba. Sikuwa nikitazama watu. Msahafu ulikuwa pale juu ya kabati, nami ni mtu wa kaburi. Nikasema, "Sikumbuki."

"Mpiga picha kipofu," akasema shemeji mdogo, na wawili watatu wakacheka.

Mwajuma hakuniangalia kwa hasira. Afadhali angefanya hivyo. Aliangalia simu yake, akaizima.

Alihamia Vigwaza kwa dada yake, anauza vitumbua kando ya barabara kuu. Nilipita siku moja, akanifungia vitumbua kwenye gazeti, akakataa nivilipie. Nyumba waliiuza haraka, na aliyeinunua aliibomoa aweke ghala. Yule bibi naye alifariki mwanzoni mwa mvua.

Mwaka huu ndipo nilipokwenda kumwona Sista tena. Nilikuwa nimemkimbia kwa muda mrefu. Darasa kamwachia mtawa kijana kwa kuwa miguu yake imevimba, nikamkuta amekaa kivulini anachambua kunde kwenye ungo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kubisha, na hilo likanitia hofu.

"Siku ile Lugoba," akaanza, kama tulioachana jana, "nilikuwa barazani. Nilisikia wakicheka, sikusikia maneno. Mwajuma hakutaka kusema. Walikuuliza nini?"

"Waliniuliza kama nilimsikia bwana arusi akikubali."

"Ukasema?"

"Nikasema sikumbuki."

Mikono yake ikatulia kwenye ungo.

"Hukumbuki," akasema.

"Sikukumbuka, Sista. Ningeapa nini?"

Akauweka ungo chini. Kisha akasema polepole, "Katika ile arusi kuna mahali mlango unafunguliwa kidogo. Mkono wa mwanamume unaingia na betri, mkeo anaipokea. Na wewe unasema kwa nje. Unasema, 'Jifunikeni, bwana arusi kashajibu mbele ya shehe, analetwa kumpa mkono mkewe.' Unamtaja kwa jina. Unamtaja na Mwajuma."

Nilimwangalia. "Sauti yangu?"

"Yako. Nimekusikia miaka mingapi? Yako."

"Mbona hukuikata hiyo?"

"Niikate ya nini?" Macho yake yalikuwa yamejaa maji, naye hakuyafuta. "Wewe mwenyewe ulikuwa unakwenda kikaoni. Nilidhani mtu atasema alichokisema kwa kinywa chake. Nilikata ya mkwe, kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa."

Nikamwambia nyumba imebomolewa, na yule bibi tumekwisha kumzika. Alikuwa anajua. Akamwita yule mtawa kijana, amletee kompyuta. Vidole vya Sista vilikuwa vizito, akakosea agizo mara kwa mara, akalifuta na kuliandika upya. Uso wa kompyuta akaugeuzia kwake.

"Hii si haramu kwako," akasema. "Ni wewe."

Nikasikia tari, kisha bawaba. Kisha mwanamume mmoja akasema yale maneno, kwa furaha, kwa haraka, kama mtu mwenye habari njema asiyetaka kuchelewa kuzileta. Alimtaja bwana arusi, akamtaja Mwajuma. Vigelegele vikamfunika.

"Rudia, Sista."

Akarudia. Nilifumba macho nikautafuta mlango ule, nikaitafuta ile betri mkononi mwangu. Sauti ilikuwa yangu, nami sikuwa na kumbukumbu yoyote ya kuiwekea. Nikamwomba arudie tena, akarudia, mpaka kengele ya sala ikalia, na safari hii hakunyanyuka.